Mikate ya Bi Mwatima na Ukurasa Usiojua Salamu

Anayeona humu mmetiwa chumvi, na aje na kijiko chake aichote.

Shadya alipoachika alirudi Mtoni kwa shangazi yake, Bi Mwatima, mpishi wa mkate wa kumimina. Mkate huo ukishapaliwa makaa juu na chini, harufu yake hufika Bububu ikaamsha waliolala. Siku moja meli nzima ilipinda njia kuifuata. Nahodha alikana, lakini makombo yalikuwa ndevuni.

Kaka yake Shadya, Anwar, alishamfagilia chumba kwake Chukwani ili aje amlelee watoto. Shadya hakutaka. Yeye alikuwa akijifundisha kutengeneza kurasa za mtandao kwa kompyuta kuukuu, na roho yake ilikuwa kwenye lugha ya kompyuta iitwayo PHP. Huyo PHP ni kama mtu aliyekaa nyuma ya pazia. Mteja akijaza visanduku vya ukurasa na kubonyeza "Tuma", yeye hupokea kila kisanduku kwa jina lake, akakikagua, ndipo akapeleka habari jikoni.

"Nakupa mwezi huu wa Shaaban," Bi Mwatima alimwambia. "Watu wakipata mikate yao kwa huo mtandao wako, unakaa. Wakikosa, Chukwani kunakungoja."

Shadya akatengeneza ukurasa wenye visanduku vitatu: jina, simu, mikate mingapi. Watu wakajaza. Lakini oda zilizofika, karibu zote zilisema mikate sifuri. Shadya akadhani wanajaribu tu, akaziacha.

Hata siku moja Bi Faiza akaja kutoka Mangapwani na sinia kichwani, harusi ya mwanawe jioni ile.

"Mikate yangu iko wapi, Mwatima?"

"Mikate gani, mwenzangu? Hukuagiza kitu."

"Nimeagiza! Tena kwa adabu zote!"

Aliyepata mkate wiki ile alikuwa Jecha peke yake, muuza vipuri, mtu asiyemwamkia hata mkwewe.

Bi Mwatima akamtafutia Bi Faiza mikate kwa majirani, uso umemwiva kwa haya. Halafu akampigia Anwar simu: "Kesho baada ya sala ya Ijumaa, njoo umchukue."

Shadya hakulia. Asubuhi alikwenda kwa jirani, Bi Riyama, naye alikuwa mmoja wa waliokosa.

"Shikamoo, bibi. Nakuomba ujaze tena, mbele yangu."

"Marahaba. Kaa hapo, usinipumulie shingoni."

Bi Riyama akavaa miwani. Kwenye kisanduku cha mikate mingapi akaandika polepole: *Asalaam aleikum, hamjambo nyote, naomba kumi inshallah.*

"Bibi! Hapo ni namba tu!"

"Namba tu? Niingie nyumba ya mtu nianze na kumi, kumi, kama nnamdai? Mimi Jecha?"

Shadya akashika kichwa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia PHP ageuze kila kilichoandikwa kiwe namba, na PHP akikuta maneno yametangulia haulizi mtu, anaandika sifuri. Kila mwenye adabu aliondoka mikono mitupu.

Akarudi mbio. Juu ya ukurasa akaandika: "Asalaam aleikum, karibu kwa Bi Mwatima," na chini yake akaweka kisanduku cha salamu, kikubwa kuliko vyote. Cha mikate akakifundisha upya. PHP aondoe kwanza nafasi tupu za pembeni, kisha aangalie kama ni namba kweli. Ikiwa siyo, asimeze kimya. Arudishe ukurasa na maneno ya mteja yakiwa yamo, na aseme: "Salamu zako zimefika. Hapa tuandikie idadi tu." Kisha akawatangazia waliokosa wajaze tena.

Anwar alipopiga honi nje, simu ya Bi Mwatima ilikuwa ikilia kama jogoo aliyekanyagwa. Oda ya Bi Riyama, kumi. Oda ya Bi Faiza ya Idi, mfungo mosi, na salamu zake ndefu kama hotuba, zikiuliza mpaka hali ya paka.

Bi Mwatima akasoma, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi.

"Shangazi, begi lake liko wapi?" Anwar akauliza mlangoni.

"Begi gani? Huyu nnaye kazini. Watoto wako walee mwenyewe, mikono unayo."

"Lakini uliniita!"

"Nimekuita ule mkate. Kula, wende zako."

Anwar akala amenuna, akaomba na kipande cha pili.

Shadya hakutoka hata kumuaga vizuri. Alikuwa amekodolea macho kisanduku cha simu, ambako Bi Riyama alikuwa ameandika: *Ile ile mnayoijua.*