Mvinyo wa Kumwoshea Mfalme

Asubuhi ile Evlambia alichelewa kuwalisha kuku kwa sababu alikuwa akisuuza chupa. Aliisuuza mara tatu, akaijaza mvinyo mwekundu wa zabibu zao wenyewe, akaiziba na kuiviringisha kwenye kitambaa. Stergios alikunywa kahawa yake akimtazama. Mke uliyeishi naye miaka arobaini na minne, akitaka kusema atasema.

"Meza vidonge vyako," Evlambia alimwambia. "Na uvae viatu vya kanisani, si hivyo vya zizini."

Basi. Stergios angejua kwamba asubuhi ya kawaida haitakuja nyingine, angalau angeomba kahawa ya pili.

Gari la parokia liliondoka kijijini kwao, upande wa Serres, kabla ya saa moja. Safari ya siku moja: asubuhi makaburi ya wafalme wa kale kule Vergina, mchana mji wa Veria, jioni nyumbani. Evlambia alizaliwa Vergina. Akiwa na miaka kumi na saba alisukuma toroli la udongo kwenye kile kilima wanaakiolojia walichokuwa wakikifukua, hadi viganja vikaota sugu kama vya mwanamume. Siku kaburi la mfalme lilipofunguliwa, baba yake alikuwa amemtoa kazini akachume pamba. Hakuona kitu. Kisha wazazi wakahamia Ujerumani, nyumba ikauzwa, naye akaolewa mbali. Kila mwaka Stergios alisema atampeleka akalione hilo kaburi. Kila mwaka tumbaku ya shambani ikaja mbele.

Kijijini kwa mumewe alishika kazi ambayo wengi huikimbia. Kwao, maiti akishatimiza miaka mitatu hufukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa mvinyo na kuwekwa kisandukuni. Aliyeitwa ni Evlambia. Hata mama mkwe, ambaye hakuwahi kumsemesha neno jema, alimwosha mfupa kwa mfupa, akizungumza naye kama anayeogesha mtoto.

Ndani ya basi jirani yao Fotini aliiona shingo ya chupa ikichungulia mkobani.

"Evlambia, tunaenda makaburini au harusini?"

"Ni ya mfalme."

"Mfalme mwenyewe si amekufa, mama?"

"Ndiyo maana. Tulimfukua sisi. Nani alimwosha? Nitadondosha tone moja tu chini, niende zangu."

Fotini alipiga ishara ya msalaba huku akicheka. "Leo utatufungisha sote."

Mlangoni pa makaburi binti mmoja mlinzi alifungua mkoba, akatikisa kichwa. "Mama, chupa haingii. Iache kwenye basi, au umwage."

"Haya," alisema Evlambia. "Nitamwaga pale chini ya mti. Stergios, nishikie mkoba."

Stergios hakuushika. Alimwona mkewe akirudishwa kama mwizi kwenye udongo alioubeba mwenyewe, na damu ikampanda.

"Humwagi kitu," alisema. "Binti, huyu ndiye aliyemtoa huyo mfalme wenu ardhini. Bila yeye ungekuwa unalinda kichaka."

"Babu, nimekuelewa. Lakini chupa haingii."

"Niitie mkubwa wako."

Mkubwa alikuja, mtu mpole, akasema yaleyale kwa maneno marefu. Stergios akataka mkubwa wa mkubwa. Nyuma yake mtu akanung'unika, "Mzee, sogea basi, tunaungua jua huku." Hakusogea. Evlambia alimvuta mkono wa shati mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alimwacha, akaenda kukaa kwenye ukuta mfupi, mkoba mapajani. Wenzao wakaanza kutoka mmojammoja, macho yamewatoka, wakisimulia dhahabu. Dereva Lazaros akapiga honi.

"Tunaondoka. Au mtalala na mfalme?"

Dakika arobaini zilikuwa zimekwisha kwenye ugomvi. Zingetosha kuingia na kutoka, na nafasi ya kurudi kutazama mara ya pili ingebaki.

Stergios alimkasirikia binti. Akamkasirikia Lazaros. Akamkasirikia padri aliyepanga safari na kuwapa wafalme muda wa saa moja tu, chakula saa tatu nzima. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na alipojifikia hapakuwa na wa kumwomba radhi. Kesho yake baada ya safari, Evlambia alishindwa kuinua mkono wa kushoto. Siku ya tisa walimzika.

Wanawake wa kijiji humwuliza Stergios nani atamwosha mkewe ukifika mwaka wa tatu. Husema, mimi. Wanatazamana.

Alasiri ile ya safari, kule Veria, yeye na Evlambia walikuwa wamekaa wawili kwenye kichochoro cha nyumba za zamani, zile ambazo ghorofa zake zimejitokeza juu ya njia. Mbele yao sahani mbili za revani, keki ya semolina iliyolowa shira. Wenzao walikwenda kutazama makanisa. Evlambia alikula yake polepole hadi chembe ya mwisho. Stergios hakugusa. Aliendelea kuwatukana walinzi, akaapa kwamba Jumapili ijayo atamrudisha pale mlangoni, na safari hii watamjua yeye ni nani. Evlambia alimsikiliza mpaka akaishiwa. Akafuta vidole, akamwambia:

"Mimi nilitaka kuingia tu, Stergios. Kushinda ulitaka wewe. Sasa nipe hicho kipande chako, kama hukili."