Soda ya Mwenye Mashine

Mwezi uliopita binti yangu alinifuata jikoni akanishikisha simu, akitaka nicheke naye. Ilikuwa sehemu moja ya tamthilia ya zamani ya kizungu, ya watu wanaoishi kwenye chombo cha anga, ambayo mtandaoni wanaisema kuwa mbovu kuliko zote. Nilipomwona yule fundi wa kike mwenye nywele fupi nikakaa kitini bila kupenda. Maharage yakaungua. Tangu siku ile sijatulia, na nakusimulia wewe kwa sababu nyumbani kwangu wamekwisha kunichoka.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, Shelui, kwenye kibanda cha video kando ya barabara kuu. Kilikuwa cha mabati, ukitoka unanuka jasho la watu wote mliokaa nao. Nje malori yalipiga breki hadi mabenchi yanatetemeka. Ndani, pembeni ya televisheni, alikaa mtafsiri na kipaza sauti chake, akigeuza maneno yote kuwa Kiswahili, na pale asipoelewa akitunga. Sisi tulimpendea huko kutunga. Alimfanya rubani wa angani aulizie bei ya vitunguu, na majitu ya sayari nyingine yagombane kama makondakta stendi.

Nilikuwa naishi kwa bibi mzaa mama, pamoja na mama mdogo, kitindamimba wa bibi, msichana wa miaka kumi na tisa. Alipokwenda nilikwenda. Wakati wa mavuno tulipura alizeti uani kutwa nzima, tukivipiga vichwa kwa fimbo mpaka viganja vinawaka moto, vumbi lake likituingia shingoni na kuwasha hadi usiku. Jioni ilikuwa ugali wa mtama na mlenda, na bibi akitusimanga kwa Kinyiramba kwamba tumeacha punje nyingi chini.

Mwenye mashine ya kukamulia mafuta, mwanamume mzima aliyeanza kuota mvi, alimtaka mama mdogo. Yeye mwenyewe hakumtamkia neno. Alimletea bibi kitenge, baadaye dumu la mafuta, baadaye akatuma fundi azibe paa lililokuwa linavuja. Mjumbe wake alikuwa jirani yetu, mama mwenye maneno laini, na alipoona mama mdogo anamkwepa akabadilisha njia. Kwa akina bibi yangu, binti akinywa kinywaji kilichotoka kwa mposaji, wazee walichukulia kuwa amekubali. Basi jirani akaniita nyuma ya nyumba, akanipa chupa ya soda ya machungwa, akaniambia nimpelekee mama mdogo na niseme imetoka kwa bibi.

Nikasema hivyo hivyo. Mama mdogo aliweka fimbo chini, akaitazama chupa, akanitazama mimi, akainywa yote akiwa amesimama. Hakusema kitu. Nilirudi na chupa tupu, nikamkuta bibi na jirani wamekaa mkao wa kungoja.

"Kasemaje?" bibi akaniuliza.

"Kakubali," nikasema.

Hakuna aliyenifundisha neno hilo. Niliona nyuso zao zinalitaka, nami nilipenda kusifiwa. Bibi alinivuta akanipakata, mtoto mkubwa mimi.

Jumamosi, mwenye mashine akatulipia video mimi na mama mdogo, mchana kweupe. Ndiyo siku waliyoonyesha sehemu ile. Mkuu wa chombo anamtaka fundi, fundi hataki. Daktari anatengeneza dawa, wanamtilia kwenye kikombe, anakunywa, anaanza kutabasamu. Mwisho wanafungishwa ndoa na watu wa chombo kizima wanapiga makofi. Hakuna vita, hakuna jitu hata moja. Kibanda kikachafuka. Madereva walipiga miluzi wakidai wawekewe mkanda mwingine, na mtafsiri, kuokoa jahazi, akabana sauti kama ya kike, akamsemea fundi wa watu: "Nilikuwa naringa tu, mpenzi, nimekubali." Hapo wakacheka, hasira zikaisha.

Mama mdogo hakucheka. Aliniinamia sikioni.

"Lakini huyu dada ameulizwa saa ngapi?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na maneno mdomoni. Nilihesabu nguzo za simu, nikajiambia nitasema tukifika ya tatu, kisha ya kumi. Tukafika nyumbani. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine la kujiita.

Jumapili baada ya ibada wageni walikuja na barua ya posa. Kawaida binti angeitwa sebuleni, aulizwe kama ifunguliwe au isifunguliwe. Hakuitwa. Bibi aliwaambia wazee kwamba jibu tayari tunalo, nao wakaifungua. Mama mdogo alikuwa jikoni ananyonyoa kuku wa wageni, akasikia vigelegele kama sisi wengine. Manyoya yalikuwa yamemganda mikononi. Akaendelea kunyonyoa.

Sasa unajua kwa nini maharage yaliungua. Nilimwomba binti yangu, anayekijua Kiingereza vizuri, anieleze fundi anasema nini pale mwishoni.

"Hasemi kitu, mama. Kanyamaza tu."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Shelui. Kibanda kimekuwa duka la matairi. Uani kwa bibi pameota magugu, naye tulishamzika, na alizeti siku hizi inapurwa kwa mashine. Nilikwenda kwa mama mdogo; mumewe, yule mwenye mashine, mzee sasa, aliitikia shikamoo yangu kwa furaha akaenda mwenyewe kunitafutia soda dukani. Si mtu mbaya. Nimetamani mara nyingi angekuwa mbaya.

Alipotoka nilimwonyesha mama mdogo ile tamthilia, kisha nikamweleza habari ya chupa.

"Nilijua si ya mama," akasema. "Mama angetoa wapi soda? Nilikuwa na kiu." Akanitazama. "Wewe uliwaambia nini?"

Nilimwambia. Alikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Nilidhani atanifukuza.

"Basi niulize," akasema.

Nikamwuliza: mama mdogo, unamtaka yule mzee awe mume wako? Nje tulisikia geti, na miguu yake akirudi taratibu na chupa zikigongana kwenye mfuko. Wana watoto watano, wajukuu siwajui idadi.

"Ngoja nifikirie," akanijibu, akainuka kumpokea mzigo.

Ni wiki tatu sasa. Simu yake ikiingia napokea kabla haijaita mara ya pili, tunaongea mvua, tunaongea watoto, ananiaga. Bado anafikiria.