Mtani Wangu na Kifaru cha Plastiki

Nakumbuka siku moja pale Mikumi, asubuhi ya baridi, mtu mzima na akili zangu nimeinama barazani natundika pazia ndani ya kifaru. Usicheke bado, mwanangu, ya kuchekesha zaidi yako mbele. Kifaru chenyewe, kile cha kivita si mnyama, kilikuwa cha plastiki, cha kuweka juu ya kabati, na pazia lilikuwa kipande cha utepe mwekundu kilichobaki kwenye harusi ya dada yangu. Mapazia ya namna hiyo nilikuwa nimeyaona kwenye kebini za malori yanayolala Mikumi. Nikajiuliza, kama dereva wa lori anajikinga na jua, kwa nini askari aungue?

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalianza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau hata sura zake, nyumba za wageni zikaota kando ya barabara kuu, na sisi vijana wa Vidunda tukateremka mlimani kutafuta maisha. Mimi nilikuwa nachonga malori ya mbao na mabasi ya bati, nawauzia wasafiri. Mama Neema, mwenye duka la vinyago, aliniruhusu kukaa barazani kwake. Ndani ya duka hilo kulikuwa na meza ya fundi, ina droo na iko dirishani, haina mwenyewe. Meza ile niliitaka kuliko nilivyotaka kuoa, na mama yangu alilijua hilo, likamsononesha. Nikiikosa, ningerudi nyumbani kulima maharage kwenye mteremko ambao hata mbuzi akiupanda anafikiri kwanza.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Morogoro, askari mstaafu, mpole, macho yameanza kufifia. Mwanawe aliyekuwa ng'ambo alikuwa amemletea boksi la kifaru cha kuunganisha kwa gundi, vipande vidogo vidogo ambavyo macho yake hayakuviweza. Vitani aliwahi kuendesha kifaru kama kile. Shida ni kwamba boksini mlikuwa na gamba la nje tu. Akaniomba nimtengenezee na ndani, viti na vyombo vyote, na kile kichwa cha juu kinachobeba mzinga nisikigandishe, ili awe anakinyanyua na kuwaonyesha wajukuu mahali alipokuwa anakaa.

"Nikiwasimulia wanadhani nilikuwa naendesha trekta," alisema.

Mama Neema alinivuta pembeni. "Huyu mzee akiondoka anatabasamu, meza ni yako. Akiondoka amenuna, utafute baraza lingine."

Sasa mimi ndani ya kifaru nilikuwa nimekuona wapi? Nilichokijua ni malori. Basi nikawa nazunguka kwenye maegesho, nachungulia kebini, narudi kutengeneza. Nikashona viti vya sponji. Nikakunja waya nikapata usukani. Nikatengeneza redio ya kaseti kwa kipande cha kiberiti, na ukutani nikapaka rangi ya kucha, ya waridi, kwa sababu ndiyo niliyoipata. Nikachonga na vijiaskari vya mbao, na mkuu wa kifaru nikamkalisha katikati, nyuma kabisa ya mzinga, kwenye kiti kikubwa kama cha bwana harusi. Wallahi nilijiona fundi wa mafundi.

Jirani na duka alikuwepo Mzee Maganga, mziba pancha, Mnyamwezi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na yeye pia aliwahi kuwa jeshini. Unajua kuwa Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za mababu, na utani wetu na Mzee Maganga haukuwa na likizo. Nikimwamkia shikamoo anajibu, "Marahaba, mali yangu! Umeoga leo, au huko mlimani bado mnasubiri mvua?" Na mimi namwambia tairi anazoziba yeye hazifiki hata hapo jirani Malolo. Hakuna kununa. Mtani anaweza kukubebea kuku wako mchana kweupe, na wewe ukabaki unacheka.

Alikuja akachungulia kazi yangu, akashika kiuno.

"Usukani! Jamani, watu wa mlimani! Hiki kifaru kinakwenda vitani au kinakwenda kupakia vitunguu?"

Nikacheka. Akanyoosha kidole chake cheusi kwa mpira.

"Na huyu mkuu wenu, mmemweka nyuma ya mzinga? Basi andaeni ng'ombe wa matanga. Mimi mtani wenu nitakuja kumla."

Nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia arudi kwenye matairi yake, mambo ya mafundi awaachie mafundi. Kesho yake akarudia yale yale, usukani na ng'ombe wa matanga, na mimi nikacheka tena. Ningewezaje kujua? Mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuniambia neno lisilo la mzaha, nilidhani hana neno jingine.

Siku ambayo mstaafu alikuwa aje na basi la jioni, nilienda kunywa chai. Kurudi, kifaru hakipo! Mama Neema akanielekeza kwa mdomo upande wa matairi. Mzee Maganga alikuwa amekiteka, na kwa desturi yetu nilitakiwa kwenda kukikomboa kwa maneno matamu. Nikaenda nacheka, ila kwa haraka, maana jua lilikuwa linapanda.

"Mtani, nirudishie kifaru, nitakusifia mpaka Tabora wasikie."

Hakucheka. Mwanangu, hilo ndilo lililonitisha.

"Kaa chini," akasema. "Sasa hivi mimi si mtani wako. Mimi ni baba yako."

Nikakaa mavumbini kati ya tairi mbili. Akanikunja magoti, akanishikisha vyuma viwili vya kufungulia tairi, kimoja kila mkono. "Dereva anakaa chini hivi, mbele, upande wa kushoto. Usukani hakuna. Ukivuta cha kulia, kinakata kulia." Halafu akachukua bomba, akalishikilia usawa wa bega langu, na ghafla akalisukuma nyuma. Lilipita karibu na sikio langu kwa kishindo, nikaruka.

"Mzinga ukipiga, unarudi nyuma namna hiyo. Ndiyo maana hakuna anayekaa hapo. Rafiki yangu tuliyekuwa naye kifaru kimoja alisahau mara moja tu, mkono wake wa kulia haukunyooka tena." Akalilaza bomba chini. "Huyo mzee wako anayajua haya mwilini mwake. Atakinyanyua kifuniko mbele ya wajukuu, akute pazia na usukani. Unadhani atajionaje?"

Niliona aibu, na nilimpenda Mzee Maganga kwa wakati mmoja. Tukaingia kazini wote wawili, yeye akielekeza, mimi nikibomoa. Pazia likatoka, usukani ukatoka, mkuu akahamishiwa kushoto mwa mzinga, dereva akapata vyuma vyake viwili vya sindano, na juu ya ile rangi ya waridi tukapaka nyeupe. Nilipofika kwenye redio ya kaseti akanizuia.

"Hiyo iache. Tungekuwa nayo kule, tungeshukuru."

Mstaafu alishuka kwenye basi, akapokea kifaru, akakinyanyua kichwa. Alikisogeza karibu kabisa na macho. Mama Neema akawa anauma ncha ya kanga. Kisha mzee akaingiza kidole kidogo mpaka kwenye kiti cha dereva, akagusa. "Hapa," alisema taratibu. "Nilikaa hapa." Akaiona redio, akaangua kicheko, akapangusa macho.

"Nani amekuelekeza?"

Nikamwonyesha Mzee Maganga. Wazee wale hawakuwa wamewahi kuonana. Walikaa juu ya tairi wakazungumza mpaka basi la kurudi Morogoro likapita, likamwacha mstaafu, na wala hakugeuka kulitazama. Mama Neema akaniambia nihamishie vitu vyangu ndani.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wako watu ambao wema wao unakuja umevaa mzaha, kwa sababu ndivyo walivyolelewa, au kwa sababu hawataki kukuvunja moyo. Mtu akikutania, cheka naye, ni haki yake. Ila ukishamaliza kucheka, rudi peke yako ukaangalie pale aliponyooshea kidole. Na akirudia utani ule ule mara ya pili, acha kazi uende ukamuulize. Usimngojee akuteke kifaru, maana wengine hawatajisumbua, watakuacha uaibike.

Mungu akupe mikono yenye ufundi, na kazi yako izae kicheko cha furaha machoni pa wenyewe. Na kila utakapokaa, akuwekee karibu mtu mmoja anayekupenda kiasi cha kutokuogopa kukucheka.