Darasa la Shimo

Shemeji yangu ni profesa wa udongo, na wanafunzi wake wanamwita Kichuguu. Jina analijua na halimuudhi. Kichuguu, anasema, husimama palepale mvua inyeshe, jua liwake, na anayetaka kukihamisha aje na jembe. Mimi ni mtu wa mabegi na vituo, lakini kila ninapopita mji ule hulala kwake, kwa kuwa mkewe ni binamu yangu. Kwa hiyo haya mengine nimeyaona, na mengine nimesimuliwa mezani, yeye akinisimulia kwa uchungu na mkewe akimsahihisha.

Ofisi yake iko mwisho wa korido ya chini, karibu na stoo. Rafu zimejaa chupa za udongo uliokaushwa: mwekundu, wa kijivu, mweusi unaopasuka kama mkate uliosahauliwa jikoni. Dirishani kuna beseni na jagi la maji. Mgeni akiingia, kabla hajaketi, hupewa donge kiganjani, humiminiwa maji kidogo, huambiwa alikande kisha alisukume kwa kidole gumba na cha shahada. Ukitoka utepe mrefu, huo ni udongo wa mfinyanzi. Ukikatika mapema, una mchanga. "Macho yanadanganya," humwambia mgeni. "Kidole hakijaenda shule, hakijui kudanganya."

Fahari yake kuu ni darasa la shimo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupelekwa shamba la chuo, nyuma ya mabweni, ambako huchimbwa shimo la kumfika mtu kifuani, na ukuta wake huchunguzwa tabaka kwa tabaka, toka mizizi ya majani mpaka kokoto za chini. Kwa miaka mingi hakuna mwalimu mwingine aliyeligusa darasa hilo.

Ndipo ikaja tathmini. Chuo kilitangaza kwamba hata maprofesa wenye ajira ya kudumu, ambao zamani wakishafika hapo walikuwa hawapimwi tena mpaka wastaafu, sasa watapimwa utendaji wao kila baada ya miaka michache. Atakayeonekana amelegea atapunguziwa masomo, wapewe wengine. Chumba cha chai cha walimu kilichemka kuliko birika. Profesa wa historia, mwenye kikohozi na ulimi mkali, alisema anayepimwa akiwa amelala ni maiti. Wa uchumi aliona ni jambo jema, ila lianzie idara za wenzake. Wahadhiri vijana, ambao wao hupimwa kila mwaka huku mikataba yao ikining'inia, waliendelea kukoroga chai. Wote walikubaliana kwamba wapo maprofesa wavivu, wanaosoma notsi zilezile tangu karatasi zilipokuwa nyeupe. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona mmoja wao kwenye kioo chake.

Shemeji hakupinga. Alifanya jambo la kijanja zaidi. Katika mkutano wa baraza la chuo alisimama akasema sawa, tupimwe, lakini kwa heshima. Profesa apimwe na profesa mwenzake, wa fani ileile na cheo kilekile. Mpimaji aje aketi darasani, kisha alichokiona akiseme kwa mdomo mbele ya idara nzima, mwenyewe akiwapo. Hakuna kuchongeana pembeni. Alipigiwa makofi, na kanuni ikapita kama alivyoisema. Na chuo kizima kilikuwa na profesa wa udongo mmoja tu. Jioni ile, akivua viatu, alimwambia mkewe kwamba sasa labda ajipime mwenyewe.

Profesa wa pili wa udongo alipatikana kabla mwaka haujaisha. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

Wanafunzi wanamwita Mama Mdogo, kwa hesabu kwamba kama Kichuguu ndiye baba wa idara, huyu atakuwa mama yao mdogo: mkali kidogo, mwenye peremende kwenye mkoba. Alikuja chuoni hajui kushika jembe. Shemeji ndiye aliyemfundisha, akamsimamia tasnifu, akamtetea apate nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Siku alipopandishwa cheo, shemeji alimpongeza mbele ya watu na kumwita "mwanangu." Baada ya siku hiyo hakumwita kitu. "Mwanangu" halikumfaa tena, na "Profesa" likawa halipandi kooni.

Wivu una macho yake mwenyewe. Alianza kuiona foleni iliyokuwa nje ya mlango wa yule mama, wanafunzi wameketi sakafuni wakimsubiri, ilhali mlango wake yeye ulikuwa wazi na kiti cha mgeni kimepoa. Aliviona viatu vya shambani vya yule mama, vimeachwa kizingitini na matope mabichi. Makusudi, alisema, vipate kuonekana. Aliliona bango la mkutano wa nchi za nje lenye picha yake. Hata salamu yake ilimchoma. Kila asubuhi Mama Mdogo alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," na yeye katika neno "mwalimu" alisikia "mzee." Siku moja akampita bila kumwamkia kwa kuwa alikuwa anaongea na simu, na hilo likamchoma zaidi.

Kisha ikajulikana kwamba Mama Mdogo analitaka darasa la shimo. Hakulitaka kwa siri. Alimwambia mkuu wa idara kwamba, tathmini ikionyesha darasa hilo linahitaji mtu mwingine, yeye yuko tayari. Na wapimaji walikuwa wao kwa wao: yeye ampime mwalimu wake, na mwalimu wake ampime yeye, kwa kanuni ambayo mwalimu aliitunga kwa kinywa chake. Profesa wa historia alimwekea mkono begani kwenye korido.

"Ndugu yangu," alimwambia, "mchimba kisima huingia mwenyewe."

Nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine. Siku niliyofika tulikuwa bado hatujanawa, tayari nimeshasimuliwa viatu na bango. Binamu yangu alikuwa anapakua.

"Leo alivaa nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Mke mwenzangu."

"Acha mzaha, mama watoto."

"Sina mzaha. Tangu umeingia ni yeye tu, simu yake, kicheko chake. Mimi nimeshinda nasukwa tangu asubuhi, hata kichwa changu hujakitazama." Akanigeukia. "Binamu, wewe umetembea dunia. Huko nako wapo wake wenza wa ofisini?"

Nilimwambia wapo, na wengi wana digrii. Shemeji aliishika sahani yake kama mtu anayetaka kuihukumu.

Zamu ya kwanza ilikuwa yake. Alikwenda kuketi katika ukumbi mkubwa ambako Mama Mdogo anawafundisha wa mwaka wa kwanza, akachagua kiti cha nyuma kabisa, na alikwenda, kwa maneno yake, kutafuta unywele kwenye wali. Kipaza sauti kilikuwa kibovu, akafurahi. Ila yule mama alikiweka chini, akapita katikati ya viti na beseni, kila safu ikapewa donge lake na maji yake. Vijana walikuwa wanakanda na kuchafua madaftari. Na hapo katikati, kwa sauti ileile ya kutania ambayo shemeji aliitambua kama mtu anavyolitambua koti lake mgongoni mwa mwingine, akawaambia kwamba macho yanadanganya, lakini kidole hakijaenda shule, hakijui kudanganya. Ukumbi mzima ukacheka.

"Kicheko kile kilikuwa changu," aliniambia.

Kilichomuuma hakikuwa wizi. Muhula uliopita alikuwa amewaambia wanafunzi wake maneno hayohayo, na hawakucheka. Waliyanakili.

Wiki iliyofuata Mama Mdogo akaja shambani. Mimi nami nilikwenda, nikakaa kivulini kwenye banda la majembe. Shemeji alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Tangu habari za tathmini zianze alikuwa na mtindo mpya: aliteremka shimoni yeye mwenyewe, asije mtu akasema amelegea. Akakwangua ukuta kwa kisu, akachukua udongo, akaulowesha, akautoa utepe mrefu usiokatika, akauinua juu ili uonekane, akataja jina la kila tabaka na sababu ya rangi yake. Nimesikia wahadhiri wengi na sijasikia anayeujua udongo vile. Wanafunzi walisimama ukingoni wakiandika. Wa nyuma walikuwa wanaona visogo tu. Msichana mmoja aliomba ateremke aushike. Akaambiwa muda hautoshi. Na kila baada ya sentensi macho ya shemeji yalipanda mahali pamoja, kwa mtu mmoja, aliyesimama na mkoba wake begani.

Mwishoni Mama Mdogo alimshukuru, akainama, akampa mkono amsaidie kutoka. Shemeji hakuupokea. Alipanda kwa viwiko, na ile pasi yote ikaishia ukutani mwa shimo.

Siku ya kusema, idara ilikaa katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na feni inayolia. Yaliyotokea mle nimeyasikia kwa shemeji na kwa profesa wa historia, aliyealikwa kama shahidi kutoka idara nyingine, na wote wawili hawapingani. Mkubwa alianza. Shemeji alisimama akasema anasema alichokiona, hana chuki na mtu: masomo yale hayakuwa ya mwenzake. Mabeseni, madonge, kutembea kati ya viti, mpaka mizaha, vyote vimetoka kwake yeye aliyemfundisha. Chuo kinamsifu mtu kwa kuvaa nguo ya kuazima.

Mkuu wa idara akamuuliza Mama Mdogo kama ana jibu.

"Ni kweli yote," alisema. "Nani mwingine aliyenifundisha, mwalimu? Ulitaka nimwige nani?"

Watu walicheka. Shemeji anasema hata mkuu wa idara alicheka. Shtaka lake lilikuwa limegeuka sifa ya watu wawili, na nusu ya sifa hiyo ilikwenda kwa yule ambaye hakutaka apate kitu.

Kisha ikawa zamu ya Mama Mdogo, na kicheko kikaisha. Hakuwa na karatasi. Alisema hakuna anayejua udongo kama mwalimu wake, na hilo lisipoteze muda wa kikao. "Lakini zamani tulioshuka shimoni ni sisi," alisema. "Mwalimu alibaki juu, mikono nyuma, na ukikosea alinyamaza tu mpaka uone mwenyewe. Juzi mwalimu yuko chini na wanafunzi wako juu wananakili. Hakuna aliyegusa udongo. Somo lilikuwa zuri sana, na nadhani nililipata mimi peke yangu."

Feni ililia. Mkuu wa idara akauliza basi anapendekeza darasa liende kwa nani. Kila aliyekuwa mle alijua analitaka.

"Nalitaka, sifichi," alisema Mama Mdogo. "Wanafunzi wakishuka, libaki kwake. Wasiposhuka, nipeni mimi."

Wakakubaliana hivyo. Shemeji alirudi nyumbani na darasa lake, na nilidhani atakuwa amefurahi. Alikaa kwenye ngazi za mlangoni na viatu vyake miguuni. Mkewe alimletea maji, akamwuliza sasa huzuni ya nini, si ameshinda.

"Afadhali angeninyang'anya," alisema. "Ningejua la kumfanya. Sasa nalifundisha kwa hisani yake. Kila nikisimama pale nitakuwa nimesimama kwa sababu yeye alisema nisimame."

"Na alilosema ni uongo?"

Alikunywa maji yote kwanza.

"Si uongo," alisema. "Hicho ndicho ninachomwonea wivu. Ameliona kabla yangu."

Binamu yangu hakumtania. Alimvua kiatu kimoja, cha pili akamwachia mwenyewe.

Asubuhi ya darasa lililofuata nilikuwa na safari ya mchana, nikapita shambani kuaga. Wanafunzi walikuwa shimoni, wanne wanne kwa zamu, wakisukumana, matope mpaka kwenye nyusi. Shemeji alikuwa ukingoni na mikono nyuma. Kijana mmoja alikwangua tabaka la pili, akalowesha, akasema kwa uhakika kwamba ni mchanga. Haukuwa mchanga, hata mimi nilikuwa ninaona. Nikamtazama shemeji. Mdomo wake ulifunguka, ukafungwa. Vidole vyake, huko nyuma ya mgongo, vilikuwa vinasuguana, gumba na cha shahada, vikisukuma utepe ambao haukuwapo.

Yule kijana akasukuma tena. Utepe ukatoka, ukarefuka, haukukatika. Akautazama, akawatazama wenzake.

"Jamani," alisema, "huu ni mfinyanzi."

Wakausogelea wote, kila mmoja akitaka kuushika. Nilimuaga shemeji, hakunisikia. Alikuwa amewainamia kama mtu anayechungulia karamu ambayo hakualikwa, na uso ule wa wivu niliujua, nimekula nao mezani siku zote zile. Ila safari hii haukuwa kwa ajili ya Mama Mdogo. Alikuwa anaitazama mikono ya yule kijana.