Siku niliyokaribia kufukuzwa kwenye chumba cha ECG, Karatu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo vipi.

Leo nina kisa changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Asiyeamini anywe chai yake taratibu atuache.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa trainee wa kupima moyo katika hospitali moja huko kwetu Karatu. Jina naliacha.

Mashine ya ECG, ile ya kuchora mapigo ya moyo, ilikuwa moja tu, ya msaada. Ilichora mistari kwenye karatasi nyembamba iliyofungiwa kabatini kama sukari. Mnaoikumbuka sukari ya miaka ile mnanielewa.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Safari, Mwiraqw mpole sana, ila ukimharibia karatasi upole wote unaisha.

Wiki ya kwanza nilimfunga mgonjwa waya wa mkono wa kulia kushoto, na wa kushoto kulia. Mistari ikatoka kichwa chini. Wiki ya tatu nikarudia kosa lile lile!

Bwana Safari akaniambia, "Kijana, mara ya tatu unarudi maabara kuosha chupa."

Niliogopa kweli. Mama yangu alishatangaza kanisa zima kwamba mwanawe ni daktari wa moyo.

Basi akaletwa Mama Paskalina, mkulima wa huko juu karibu na msitu wa Ngorongoro. Anakohoa, kifua kinambana. Daktari alimsikiliza akasema moyo unasikika kwa mbali mno, huenda umezingirwa na maji. Apimwe ECG, halafu apelekwe hospitali kubwa ya Moshi.

Mama hakutaka hata kuisikia Moshi. "Mahindi yangu yamekomaa," akasema. "Nikiondoka, tembo watanivunia."

Nikamfunga waya kwa adabu zote, nikizitaja rangi moja moja kwa sauti. Nikawasha mashine.

Kichwa chini.

Nikafungua zote, nikafunga upya. Kichwa chini tena.

Bwana Safari akaingia, akaitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. "Haya, kachukue brashi ya chupa."

"Mzee, naomba uangalie waya kwanza," nikamwambia.

Akaangalia. Ziko sawa. Hakuridhika, akazifungua akazifunga kwa mikono yake, akawasha mwenyewe. Kichwa chini! Wakuu, nilitaka kucheka lakini nilikuwa bado naipenda kazi.

Mama Paskalina alikuwa anatutazama tu pale kitandani. Mwisho akauliza, "Wanangu, mnatafuta nini hasa?"

"Moyo, mama."

"Si uko huku?" Akaweka kiganja kifuani, upande wa kulia. "Nikipanda mlima na kuni unagonga hapa, tangu nikiwa msichana. Nyie mmehangaika na kushoto tangu asubuhi. Kwani wenu uko wapi?"

Bwana Safari akatoka kwenda kumwita daktari. Daktari akaja, akamsikiliza upande wa kulia, akaanza kutabasamu. Moyo unadunda vizuri kabisa. Kumbe mama aliumbwa hivyo, na moyo hauna shida yoyote. Kilichombana kilikuwa kichomi. Akachomwa sindano zake, na baada ya siku chache akarudi kuwahi mahindi. Moshi ikafutwa.

Bwana Safari hakuniomba radhi, wazee wa zamani tunawajua. Ila kesho yake aliniachia chumba nipime peke yangu, na nilifurahi mpaka nikasahau kula mchana.

Kazi ile niliifanya hadi nikastaafu. Nilichojifunza ni kwamba kabla hujabishana na mashine, muulize mwenye mwili. Kila mgonjwa nilimuuliza kwanza, "Moyo wako unagonga wapi?" Wengi walidhani sijui kazi. Sawa tu.

Manesi, madaktari na wagonjwa wa humu, shusheni na nyie yenu hapo chini.

Na wewe unayesoma kimya kimya, najua mkono uko kifuani saa hizi. Tuambie, umeukuta upande gani?