Jiko la Bupe na Paa la Thobias

Bupe alipangiwa shule yetu enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, akitokea Tukuyu kwenye migomba na mvua isiyojua kuchoka. Mimi nilifundisha darasa la jirani na lake, kijijini nyuma ya Makutupora, na nasema bila kumwonea: sijapata kuona mtu mbishi kama yule. Miaka ile kila mwenye lori aligeuka mfanyabiashara wa mkaa. Mapori yakafyekwa kulisha majiko ya Dodoma mjini, na wasichana wetu wa darasa la sita wakawa wanafuata kuni mbali hadi siku ya shule inapotea. Bupe akayaona madawati matupu, akachachamaa.

Somo lake hakuliandika ubaoni. Alipanga mafiga matatu uwanjani, na pembeni wanafunzi wakafinyanga jiko la udongo wa kichuguu, lenye bomba la kutolea moshi nje, maana moshi, alisema, ni adui wa mapafu. Sufuria mbili, maji sawa, kuni sawa. Kwenye mafiga kuni ziliisha maji yakiwa vuguvugu. Kwenye jiko maji yalitokota na kuni zikabaki. Gideoni, mtundu wa darasa, alipiga yowe mpaka mwalimu mkuu akatoka kuuliza nani kaumwa na nyoka.

Basi kila mtoto akajenga jiko kwao. Ruthu, binti wa Mzee Thobias, aliyekuwa mtoro kwa kulazimishwa na kuni, akaanza kuongoza darasa kwa hesabu. Bupe akatamba, na alikuwa na haki ya kutamba.

Msimu wa pili wa mvua, asubuhi moja tukiwa darasani, tulisikia kishindo, kisha vilio vya wanawake. Paa la tembe la Thobias, nyumba ya paa bapa la udongo juu ya maboriti, lilikuwa limeporomoka upande wa kulala, udongo na miti yote, na Bibi Loisi, mama yake Thobias, alikuwa ndani. Tulimfukua kwa mikono. Alitoka hai, mkono umevunjika.

Thobias aliokota kipande cha boriti, akakiminya. Kikawa unga kiganjani.

"Mchwa," alisema. "Moshi ndio dawa yao, Mwalimu. Tembe lisilopata moshi halikai."

Bupe alimkodolea macho. "Baba Ruthu, mbona hamkuniambia?"

"Wewe ulisema moshi ni adui. Tukadhani shule imeleta dawa nyingine."

Bupe alikaa chini kwenye tope, na gauni lake la kazini. Kwao Tukuyu hakuna matembe, na mimi nimekulia Mpwapwa mjini chini ya bati. Tuliingia nyumba zile mara ngapi, na hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini maboriti ya huku ni meusi tii!

"Jiko nalivunja leo hii," Thobias alisema. "Ruthu atarudi kwenye kuni."

Wazazi wengine waliitikia. Mmoja alikwisha kushika jembe. Hapo Bupe akainuka, akamnyang'anya.

"Jiko liacheni, nawaomba. Nitavunja bomba."

Akaingia jikoni kwa Thobias, akalibomoa bomba kwa mikono yake mwenyewe, akaziba tundu la ukutani kwa tope, akawasha moto. Moshi ukajaa upande wote uliobaki na paa. Akatoka anakohoa, kamasi na machozi pamoja, akaelekea nyumba ya pili, kisha ya tatu. Nilimfuata nimeduwaa. Mwanamke aliyetufundisha kuwa moshi unakula mapafu ya watoto alikuwa anawafungia moshi huohuo ndani, nyumba kwa nyumba, na wazazi wanamshukuru.

Jumatatu Ruthu alikuja shuleni. Alikaa dawati la mbele, macho mekundu, anakohoa kwenye kiganja, nguo zinanuka moshi. Bupe aliita jina lake kwenye mahudhurio. Ruthu akajibu, "Nipo, Mwalimu." Bupe akamtazama, akaweka daftari chini, akaenda kufungua dirisha lililo karibu naye.