Shangazi Alipofuata Titi Lake Maabara

Msicheke jamani. Shangazi yangu, dada yake baba, aliingia maabara ninakofanya kazi akadai arudishiwe titi lake.

Sio mzaha. Alisimama mlangoni na ovaroli yake inayonuka mafuta, akasema kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa korido: "Nasikia mnalo humu. Nimefuata changu."

Nilitamani sakafu inimeze.

Mimi ni fundi wa maabara. Mtu akitolewa uvimbe, kipande chake hugandishwa ndani ya nta na kutunzwa. Nakikata kiwe chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nakitia rangi, daktari anakitazama kwa darubini. Shangazi naye ni fundi wa friji. Miaka kadhaa nyuma alipata saratani ya titi, akakatwa, akatibiwa, akapona.

Ila swali moja halikumtoka kichwani: itarudi au hairudi?

Na sasa alilitaka jibu kwa haraka, maana alikuwa amechumbiwa.

Mchumba alikuwa mwalimu mstaafu aliyefiwa na mke, mpole kupita kiasi. Nyumbani tulimwita Bwana Pole. Shangazi akipiga chafya, "pole." Akiinuka kitini, "pole." Alitaka shangazi afunge karakana, ahamie kwake, apumzike, atunzwe. Shangazi akamwambia asubiri kwanza majibu.

"Majibu ya nini?" nilimuuliza siku ile maabara, nikimvuta hadi kwenye benchi la nje.

"Ya kama ugonjwa utarudi. Si mna kipande changu humo? Kiulize."

"Shangazi, nyama haiongei."

"Basi wewe unalipwa kwa kazi gani?"

Daktari wetu, mama mmoja mcheshi, alikuwa amesikia yote. Akaja akaketi katikati yetu. Bahati iliyoje, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza utafiti wa jambo lilelile.

"Mama, wengi huchunguza seli za saratani zenyewe," akasema. "Sisi tunatazama kinachozizunguka. Seli hazielei hewani, zimeshikiliwa na wavu wa protini. Kwa baadhi ya wagonjwa protini fulani huzidi, wavu unakakamaa, nyuzi zinajipanga kama njia, na seli mbaya zinapata pa kupitia. Kwa wengine wavu umetulia. Tunachunguza kama unaweza kutudokezea ugonjwa wa nani una hatari zaidi ya kurudi."

"Yaani mnamchunguza mwizi kwa kuangalia mtaa wake," shangazi akasema.

"Umemaliza kila kitu! Ila ni kudokezwa, sio kuapa."

Shangazi akakubali kuingia kwenye utafiti.

Kumbe balaa lilikuwa linanisubiri mimi. Vipande vya utafiti huja kwangu na namba tu, bila majina, ili mtu asipendelee; orodha ya majina hufunguliwa mwishoni. Basi kila nilichoshika nikaona ndiye shangazi. Kimoja nikakikata kinene, kingine kikajikunja chote.

Daktari akainua macho kutoka kwenye darubini. "Leo tunakata mikate?"

Nikaangua kilio palepale. Nikamwambia ukweli: shangazi ndiye aliyenilea, na niliogopa kumpoteza kuliko kitu chochote duniani. Akanipa maji ya kunywa, vipande akamkabidhi mwenzangu, mimi akanipeleka kuosha vioo vya kuwekea vipande. Nilivisugua kama nina ugomvi navyo.

Siku ya majibu tulikwenda watatu. Bwana Pole alivaa suti. Shangazi aliniminya vidole mpaka vikafa ganzi.

Daktari hakuzunguka. "Wavu wako umetulia, mama. Protini tulizokuwa tunaziogopa ni chache. Kwa tunavyojua leo, hatari ya kurudi ni ndogo. Sisemi haipo, kwa hiyo kliniki utaendelea kuja."

Nilipiga kigelegele mle mle ofisini! Nesi akachungulia mlangoni akidhani kuna mtu amejifungua. Bwana Pole akatoa leso akafuta macho.

"Sasa tupange harusi!" nikasema, kiherehere changu hakina dawa.

Shangazi akamgeukia mchumba wake taratibu.

"Mwalimu, wewe ni mtu mwema. Lakini siolewi."



"Si umeambiwa uko salama?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo maana. Nilikuwa nakukubali kwa sababu nilidhani nakwenda kufa, nikataka wa kunishika mkono. Wewe ni mume mzuri sana wa kufa naye, mwalimu. Lakini mimi inaonekana nitaishi, na karakana yangu siifungi."

Weeh! Nilitazama dari. Daktari naye akajifanya anatafuta kalamu.

Mwalimu akacheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake.

"Kusema kweli hata mimi nimeshusha pumzi," akasema. "Mke wangu nilimuuguza mpaka mwisho. Namna nyingine ya kumpenda mtu nimeisahau."

Macho ya shangazi yakalegea. Sijawahi kumwona hivyo.

"Hiyo tunaweza kukukumbusha," akamwambia. "Kesho njoo karakana. Uje na nguo za kuchafuka."

Alikuja. Na mpaka leo anakuja. Anashika tochi, shangazi yuko chini ya friji, wanabishana na kucheka mpaka majirani wanauliza kulikoni. Mahari sijaisikia, wala mimi siulizi tena kitu.

Nilichojifunza ni hiki: hofu ni mshenga mbaya. Inakuozesha kwa mtu, kwa kazi, kwa maisha ambayo ungeyakataa kama ungejua bado una muda. Kwa hiyo dada yangu unayesoma hapa, kama kuna uvimbe unaupapasa kimyakimya bafuni, nenda ukapimwe. Halafu ndiyo uamue unamtaka nani.